Waliochelewa Waoshe Vyombo

Kila mwaka wa uchaguzi uwanja wa mbele ya nyumba ya Marlys Tveit hugawanyika. Upande wa gereji husimama bango la chama cha Republican, la mumewe Orville. Upande wa barabarani la Democrat, lake yeye. Orville hukata nyasi za upande wake tu. Wameishi hivyo miaka thelathini na minane, na wamelea watoto wanne.

Marlys ndiye mkunga wa hospitali ya mji wetu. Ndiye aliyempokea binti yangu Elsie, aliyezaliwa saa mbili tu tangu uchungu uanze. Februari ile nilikuwa na mimba ya pili, miezi saba, na wodi ya uzazi ilikuwa ifungwe mwisho wa Machi kwa kukosa pesa. Wodi nyingine iko maili sabini na tano, na njia yote ni theluji. Nilijua mtoto huyu angezaliwa garini.

Bunge la jimbo lilikuwa limekwama. Seneti na gavana ni Democrat; Seneti ikapitisha pesa za wodi. Baraza la Wawakilishi ni Republican, likazikataa. Baraza nalo likapitisha madaraja mawili ya malori ya ngano, Seneti ikayakataa.

Marlys akawaalika wanasiasa wetu wawili kwenye chakula cha kanisa: mwakilishi wetu Brandvold, Republican aliyeshinda kwa kura arobaini na moja, na seneta Holm, Democrat aliyeponea chupuchupu. Kwa kura chache hivyo, nani angethubutu kukataa? Lakini hakuna aliyetaka kupigwa picha na mwenzake. Kila mmoja alikaa garini akingoja mwenzake ale aondoke, mpaka wakachoka, wakaingia pamoja, wa mwisho kabisa.

Na kanisani kwetu wa mwisho kufika ndio wanaoosha vyombo. Mwaka mmoja hata askofu aliosha.

Marlys akawafunga aproni. Brandvold aoshe, Holm afute. "Mmoja akigoma, sahani zinabaki chafu," akawaambia, "na kesho nawasimulia wapiga kura wenu."

Mimi nilikuwa nafuta meza hapo karibu. Kisha Holm akarudisha bakuli la viazi.

"Mheshimiwa, hili bado lina jibini. Ndivyo unavyosoma na miswada?"

"We futa tu, mama. Kukataa ndiyo kazi unayoiweza."

Holm akacheka, naye Brandvold akacheka. Baada ya hapo wakaongea kwa sauti ya chini. Holm alisema wenzake wangemeza madaraja kama wodi imo ndani ya mswada huohuo. Brandvold akasema wodi ya kudumu hawezi kuwauzia watu wake; mwaka mmoja, basi. Akageuka kutafuta kitambaa, akaliona tumbo langu.

"Lini?"

"Aprili. Wa kwanza alikuja kwa saa mbili."

Akasugua sufuria ileile muda mrefu. "Miaka mitatu," akamwambia Holm. "Lakini madaraja yote mawili."

Mswada ulipita, na gavana akatia sahihi kabla Machi haijaisha. Marlys alilalamika kwamba mitatu ni michache, Orville akalalamika kuhusu kodi, na siku hiyo wakala keki pamoja.

Aprili tisa, mchana, theluji ikianguka, mume wangu aliendesha dakika sita hadi hospitali yetu. Marlys alikuwa mlangoni, ameshanawa mikono. Nilipomwona nikaanza kulia, na uchungu wenyewe ulikuwa bado haujashika sawasawa.