Namba Nilizompa Mama

Kwa miaka mitatu nimekana kwamba zile namba zilikuwa zangu. Nilimwambia dada yangu, nikamwambia mchungaji, na nusura nijiaminishe mwenyewe, kwamba aliyezitoa ni mama. Sivyo. Niliziandika mimi, kwa kalamu yangu.

Mama alikuwa amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya sukari. Akapewa wa bandia, akakaa kwangu Nakuru miezi minne akijifunza kuutembelea. Siku ya mwisho ya kliniki, mtaalamu wa mazoezi, mwanamke wa makamo mwenye subira, alitoa fomu. Safari hii hakupima nguvu za mguu. Alitaka kujua mama ana uhakika kiasi gani kwamba hataanguka: akifagia, akishuka ngazi, akipita kwenye matope. Kila jibu liwe namba, sifuri hadi mia. Kwa namba hizo angeshauri kama mama arudi Molo kuishi peke yake, jinsi alivyotaka, au abaki kwangu.

Mama husema lugha yetu tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

"Muulize shosho kuhusu matope," mtaalamu akasema, akimwita bibi kwa heshima.

Nikamuuliza. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mungu akinishika, nitapita."

"Mama, anataka namba."

"Nijigambe mia, shetani asikie? Mwambie nilivyosema. Kwani ulisomea nini huko chuoni Njoro, kama hilo linakushinda?"

Nilisomea, pamoja na mengine, namna ya kumhoji mtu bila kumtia maneno mdomoni. Nilipita vizuri sana. Tena nilijua kwamba kinywani mwa mama maneno yale si ya woga. Huyasema akiwa ameshajifunga kitambaa kichwani, yuko mlangoni tayari kutoka. Lakini mtaalamu aliitwa chumba cha pili, akaniachia fomu niimalize. Kwenye matope nikaandika ishirini. Kwenye ngazi, thelathini. Nilikuwa naona mteremko ulio nyuma ya boma lake, na mvua ya Molo, na yeye amelala pale chini. Hofu ilikuwa yangu. Jina juu ya karatasi lilikuwa lake.

Akashauriwa abaki.

Alikaa kwenye kochi langu miezi minane, akichagua maharagwe ambayo tayari nilikuwa nimeyachagua. Kisha, msimu wa kupanda ulipofika, nikarudi kutoka kazini nikakuta kitanda kimetandikwa na fimbo yake haipo. Jirani akaniambia amepanda lori la viazi lililokuwa likirudi Molo tupu, mbele, kando ya dereva. Nikaapa kumfuata Jumamosi.

Ijumaa asubuhi akapiga simu.

"Nimeanguka," akasema.

Nikashika funguo za gari. "Lini? Uko na nani?"

"Jana, kwenye mteremko. Sikuwa na mtu. Nakuambia mwenyewe kabla majirani hawajakuambia."

"Sasa nani alikuinua?"

"Aniinue nani? Nilijiviringisha mpaka kwenye ua wa shamba, nikaushika, nikapiga goti, nikasimama. Nikapumzika kidogo. Halafu nikamaliza mstari niliokuwa napanda."

Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe wakilia.

"Ukija kunichukua, kaa huko," akasema. "Ukija kunisalimia, lete mbolea."

Nikaziweka funguo mezani, nikamuuliza mifuko mingapi.