Vijiti vya Mwongeli

Musili alikuwa amechoma nyama Kenyatta Market kwa miaka kumi na tisa, na moshi ulikuwa umemwingia hadi kwenye kucha. Mwalimu Beryl alipomwita shuleni Ijumaa asubuhi, alioga mara mbili na bado akajisikia ananuka mbuzi. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu, mgongo ukimuuma. Hata hivyo moyoni alifurahi kidogo. Alidhani ameitiwa sifa.

Watoto wa Gredi ya Kwanza walikuwa wameagizwa kutengeneza mafungu matano ya vijiti, kumi kila fungu, wajifunze makumi na mamoja. Mzazi asaidie, karatasi ilisema. Musili akasaidia. Alichukua vijiti vya mishikaki, akavikata sawasawa kwa kisu cha kazi, akavifunga kwa nyuzi nyekundu alizopewa na mkewe Emmah, ambaye ni msusi hapo hapo sokoni. Mafungu yakatoka kama ya dukani. Binti yake Mwongeli alikaa kando akitazama, mikono mapajani.

"Baba Mwongeli," mwalimu aliuliza, "hii ni kazi ya nani?"

"Nilimsaidia tu, mwalimu."

"Na ile nyumba ya boksi? Na lile ua la mbegu?"

Musili alitazama sakafu. "Ni mimi."

"Ni kazi safi sana. Lakini jana nilimwambia afungue fungu moja ahesabu, akakataa kugusa. Akaniambia, 'Nitaharibu, ngoja baba akuje.' Siku hizi hata penseli anaiogopa. Kusoma hajaribu. Kila kitu ni baba." Mwalimu alimrudishia vile vijiti. "Makumi hayaingii kwa macho, yanaingia kwa vidole. Jumatatu alete mafungu mengine. Yake."

Musili alitembea kurudi kazini kama mtu aliyepigwa. Mwongeli alirithi jina la mama mzazi wa Musili, na kwa desturi ya Wakamba Musili alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Utamwachaje mama yako ahangaike huku unamwangalia? Hivyo ndivyo alivyojiambia siku zote. Lakini njiani alikubali na lile jingine: alikuwa amechoka. Kumfanyia mtoto kulichukua robo saa. Kukaa naye akijikwaa kulikula jioni nzima, na jioni miguu yake ilikuwa kama magogo.

Jumamosi alasiri alimweka Mwongeli juu ya kreti ya soda kando ya jiko, akampa rundo la vijiti na nyuzi.

"Hesabu, mwaitu."

"Moja, mbili, tatu..." Sauti ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. "Sita, saba, tisa..."

Mkono wa Musili ulinyanyuka wenyewe. Akaushika kwa ule mwingine. "Rudia."

"Wee Musili!" Kilonzo, mwenzake wa kukata nyama, alipaza sauti kutoka kwenye gogo. "Wateja wanangoja mbavu na wewe umerudi Gredi ya Kwanza! Leo umepata ngapi?"

"Bado nafundishwa," Musili alijibu, na wateja wakacheka.

Mwongeli hakucheka. Alikuwa amejaribu kufunga fungu, na vijiti vikamponyoka vyote chini. Alivikusanya, akamsogezea baba yake, macho yamejaa machozi.

"Funga wewe."

Kazi ya dakika moja. Musili aliuona uzi ule, akaona na fundo lake. Basi akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni la mbavu mbichi, akaitoa inang'aa mafuta.

"Ona. Nitachafua vijiti vya mwalimu."

Mtoto aliitazama ile mikono. Kisha akashusha pumzi kama mwanamke mzima, akaanza tena. Moja. Mbili. Upande mmoja wa mbavu ukaungua, Kilonzo akalalamika, Musili akageuza nyama. Mgongo ulimuuma. Fungu la tatu lilichukua muda wa kilo mbili za nyama kuiva.

"Hii iko na kumi na moja!" Mwongeli alisema ghafla. Hakuna aliyemwambia. "Moja imezidi!"

Alikichomoa kijiti, fungu likamwagika, akaguna, akalifunga upya kwa mafundo manne, moja juu ya jingine.

Jua liliposhuka mafungu yalikuwa matano. Yalikuwa yamepinda kama mzigo wa kuni, na kwenye moja kijiti kirefu kilichungulia nje. Musili alinawa mikono. Kisu kilikuwa hapo mezani. Alikichukua, akaliinamia lile fungu.

"Baba! Usiguse!"

Mwongeli alikuwa amesimama juu ya kreti, mkono kiunoni, uso umekunjwa kama wa bibi yake hasa.

Musili akaweka kisu chini polepole.

"Sijagusa, mwaitu," akasema. "Sijagusa."