Ukurasa wa Mwisho wa Jabali

Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji kulikuwa na mwanamke mbeba mizigo tuliyemwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia vitu vizito, na hatukuwa na haki ya kumcheka, maana sote tulimtegemea atubebee. Robota la karatasi ambalo wanaume wawili hulisukuma huku wakilaumiana, yeye hulitupia begani na maongezi yakaendelea. Mimi kazi yangu ni kupiga pini vitabu. Ni kazi ya kukaa, kwa hiyo macho na ulimi vina nafasi ya kutosha.

Mchoraji wetu wa hadithi za picha, bwana asiyeweza kufungua chupa ya wino bila kumwita Winchi, alimlipa fadhila kwa kumchora. Akamwita Jabali, jambazi wa kike mwenye shingo nene, anayenyanyua mabasi na kuyaiba pamoja na abiria. Kila mwezi, ukurasa wa mwisho, Jabali alitandikwa na Nyota, msichana ambaye hata feni ingemwangusha. Miaka minne mfululizo anatandikwa tu.

Kuitwa jambazi hakukumsumbua Winchi. Kilichomuuma ni wifi yake, dada wa mumewe, waliyeishi naye nyumba moja. Toleo likitoka, wifi alingoja watoto wakae kula, akausoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, kisha akamalizia, "Mnamwona mama yenu?" Watoto wakacheka. Kitinda mimba alikuwa anacheka hata kabla ya kusomewa.

"Nataka ashinde mara moja tu," Winchi aliniambia. "Wanangu waone." Nilimwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma.

Mchoraji alipoombwa alisema wasomaji hawatakubali. Basi mwezi uliofuata, Winchi aliponiletea karatasi za kupiga pini, hakuileta ile yenye kipigo. Nikaona, nikanyamaza, nikapiga pini. Tulichosahau wote wawili, watu wa kiwandani wazima, ni kwamba kitabu kikikunjwa, karatasi yenye ukurasa wa mwisho ndiyo yenye ukurasa wa kwanza. Kipigo kikaondoka, na yale maelezo kwamba Jabali ni mwizi nayo yakaondoka. Wasomaji wakakuta mwanamke amenyanyua basi, abiria wanapiga kelele, na kisichana fulani kinamzuia. Mwisho Jabali kambana Nyota kwapani.

Barua zikamiminika. Nani huyu shujaa anayeokoa abiria? Na yule mwembamba ana roho mbaya ya nini? Wifi aliligeuza toleo lile juu chini akitafuta kipigo, akaliweka kando, akala. Winchi alishinda wiki nzima akipiga mluzi.

Mchoraji, ambaye hajawahi kukataa sifa za wenzake, akatangaza kwamba ndivyo alivyokusudia. Toleo lililofuata akamvika Jabali kilemba cha ukoka: shujaa rasmi, kiuno cha nyigu, vidole vyenye kucha ndefu, basi analinyanyua kwa nguvu za mkufu wa ajabu.

Winchi alilipeleka nyumbani. Asubuhi akaja nalo hadi mezani kwa mchoraji.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, dada. Umekuwa shujaa. Sasa shujaa na shingo ile vitaendaje?"

"Wanangu walinitafuta humu ndani jana, ukurasa kwa ukurasa, hawakuniona," alisema Winchi. "Nirudishe kwenye ujambazi. Nipigwe, lakini niwe mimi."