Tambi za Mchuzi

Kwetu tambi ni kitu kitamu. Unazikaanga kidogo kwa samli, unatia tui, sukari na iliki, na zabibu ukijaaliwa, watu wakazila kwa futari au asubuhi ya sikukuu. Tambi za chumvi, zinazoogelea kwenye mchuzi na majani ya kitunguu juu yake, mie nilikuwa sijazitia machoni mpaka mwanangu wa mwisho aliporudi nyumbani mgonjwa.

Majina yote ninayo. La mwanangu, la bwana aliyekuwa akituletea chakula, la yule Mchina mwenye jiko, hata la babu yake bwana anayemchinjia kuku ninalo, maana nilimuuliza. Siyaandiki, kwa sababu marehemu mwanangu hakupenda jina lake litembee. Kuyasahau siyasahau.

Mwanangu alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, katika duka la Wachina la mabegi. Mchana walikuwa wakila pamoja, yeye na wenye duka, sufuria moja. Alikaa nao miaka, kisha tumbo likaanza kumsumbua, akawa anakonda, akaja kwangu akiwa mwepesi kama kanga iliyokauka kwenye kamba. Tukaenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Mara ya mwisho daktari aliniita pembeni, akanambia kwa upole sana, "Bi mkubwa, mrejeshe nyumbani. Mpe kila anachokitaka kula."

Nikatoka pale nimefurahi. Niliona nimepewa dawa, tena dawa yenyewe ni chakula, na kupika mie ndiyo kazi yangu. Siku hizo sikujua kwamba maneno yale huambiwa watu ambao dawa yao imekwisha.

Nikapika. Uji wa mchele, supu ya pweza, ndizi za nazi, samaki wa kupaka. Analamba ncha ya kijiko, anageuza uso. Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, akasema, "Mama, nina hamu ya tambi."

Sikungoja aseme mara mbili. Nikakuna nazi, nikapika tambi zangu kama za Idi, nikamletea kwenye sahani ya maua. Alipoziona akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. "Si hizi, mama. Tambi za mchuzi. Za Wachina."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunaishi naye mlango kwa mlango, alikuwa amekaa pale pale ukumbini anachambua mchele. Akaacha ungo.

"Wachina? Hao wanaokula chura?"

"Shangazi, chura simtaki, nataka tambi."

"Utamjuaje? Akishakatwakatwa chura, ana jina?"

Lakini mwanangu alikuwa ameshauliza watu kwa simu, akaambiwa yupo mama wa Kichina hapa mjini Chake, kafungua jiko dogo nyuma ya soko, na chakula unapelekewa mpaka kwako. Mie sikumpa mtoto kitu kabla sijakwenda kukiona kinapotoka. Nikavaa buibui langu, nikaenda.

Nikamkuta mama mmoja mfupi, kafunga kanga kiunoni kama siye, anakoroga sufuria huku jasho linamtoka. Kiswahili anacho, cha sokoni. Karibu yake kasimama bwana wa makamo mwenye kofia, ananyonyoa kuku. Nikamwamkia, nikamwuliza bila kuzunguka: kuku huyu kachinja nani?

"Mie, bi mkubwa."

"Na weye ni wa wapi?"

"Mie Mpujini, mtu wa Pujini hapa hapa. Baba yangu mwalimu wa chuo cha Kurani. Nitakulisha nyamafu, nende nikamwambie nini?"

Nikamwuliza jina la baba yake, na la babu yake, nikayajua yote mawili. Nikaagiza.

Mara ya kwanza chakula kilikuja kibaya, nisiseme uongo. Bwana wa bodaboda alipotea. Nyumba zetu hazina namba. Nilimwelekeza kwa simu apite skuli, apite duka la mafuta ya taa, ashike njia ya Wesha mpaka aone ukuta uliopakwa chokaa nusu. Yeye akaona kuta mbili zilizopakwa chokaa nusu. Alipofika tambi zilikuwa zimekunywa mchuzi wote, zimevimba, zimeshikana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Mwanangu hata hivyo akatia kinywani. Akatafuna, akameza. Akatia tena. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika miimo kwa mikono miwili.

Kisha akanisogezea kopo. "Malizia, mama. Usitupe."

Chakula hakitupwi, nikakaa nikala kilichobaki. Vile vijiti viwili sikuviweza. Nilikula kwa mkono, mchuzi haupo, lakini tangawizi niliyoionja ilikuwa nzuri.

Lile kopo lilikuwa la plastiki, zito, lenye kifuniko cha kubana. Nikaliosha, nikalianika. Sasa kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea kitu kwa bakuli, bakuli linarudi na kitu, hata iwe ndimu mbili. Ukilirudisha tupu ni kama umemwambia tusijuane. Kesho yake nikapika mkate wa kumimina, nikaukata vipande, nikaupanga kwenye kopo. Bwana wa bodaboda alipopita njia yetu nikamsimamisha.

"Mrejeshee mama wa watu kopo lake."

"Bi mkubwa, haya ni ya kutupa."

"Chombo cha mtu, kizima, ukitupe? Weye umelelewa na nani?"

Ni mtu mzima, ana wake wawili, lakini alilichukua, akalifunga kwenye pikipiki.

Alasiri simu ikaita. Alikuwa yule Mpujini. "Bi mkubwa, kwani chakula kilikuwa na kasoro gani? Nimerudi msikitini namkuta mama wa huku kakaa mbele ya kopo. Kaona limerudi limejaa, kadhani mmemrejeshea chakula chake. Tena hakuelewa kimegeukaje kikawa vile. Anataka kuwapikia kingine bure."

Nikamwambia, "Mwambie aonje."

Nikasikia wanasemezana. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, "Mama! Tamu!"

Mwanangu alicheka siku hiyo mpaka akashika tumbo, nikawa namwambia basi, basi, utajiumiza. Alinieleza kwamba dukani kwao kopo likirudi na chakula ndani ni aibu kubwa kwa mpishi. Nami nikasema, kwetu likirudi bila chakula ndiyo aibu.

Tangu hapo ukawa mwendo. Tukiagiza, kopo linakuja. Likirudi, linarudi na kitu. Nilimwambia atenge mchuzi kwenye mfuko wake, tambi peke yake, akafanya hivyo. Nikapeleka mayai ya kuku wangu, likaja yai la kahawia, limechemshwa na majani ya chai, halikuagizwa. Wifi yangu akalizungusha mkononi. "Hili limezaliwa wapi hili?" Akalila lote. Msimu wa shokishoki, yale matunda mekundu yenye nywele, nikajaza kopo mpaka kifuniko kikakataa, na bwana wa bodaboda akaleta habari kwamba yule mama alipoyaona alisimama tu akiyatazama, akasema kwao yapo.

Lakini mwanangu hakunenepa. Alianza na vijiko vichache, vikawa viwili, kikawa kimoja na mchuzi kidogo wa kulowesha mdomo. Mie nikajipa moyo: madhali anaagiza, hamu ipo, na hamu ikiwepo uhai upo. Kila asubuhi namwuliza, leo je? Akisema tuagize, mie siku yangu imeshakuwa njema. Akinyamaza, natembea uani sijui nimeingia kufanya nini.

Siku moja niliagiza kopo dogo. Niliona kubwa ni bure, hali. Alipoliona akakasirika, yeye ambaye toka arudi hakuwa amenipandishia sauti.

"Kwa nini dogo?"

"Mwanangu, huli."

"Agiza kubwa, mama. Nataka kubwa."

Nikafurahi, nadhani njaa imerudi. Nikaagiza kubwa. Akala kijiko kimoja, akanisogezea. "Malizia."

Alifariki asubuhi, jua limeshapanda, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu na radio ya jirani inasoma Kurani. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Wanaume wakaenda kumzika, siye wanawake tukabaki tumejaa ndani. Nyumba ya msiba haiwashwi jiko. Majirani wanapika, masinia yanaingia. Kila anayeingia ananambia, bi mkubwa, tia japo tonge. Sikula siku ya maziko. Kesho yake sikula. Hata chai niliishika tu mpaka ikapoa.

Mchana ule nikasikia honi ninayoijua. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulisimama kama siku zote: chakula chake kimekuja. Kisha nikakumbuka.

Bwana wa bodaboda alipiga hodi mlango wa uani, kofia yake ya pikipiki kaishika mkononi. Mfuko ule ule. Mwanamke mmoja akasema kwa ukali, "Nani kaagiza Wachina kwenye msiba wa watu?"

"Halikuagizwa," akasema yule bwana. "Limeletwa. Mama kasikia."

Wifi yangu akainuka, akalipokea. Nilidhani ataliweka kando na masinia mengine. Akaja nalo mpaka nilipokaa, akakaa chini mbele yangu, akafungua kifuniko, akamimina mchuzi juu ya tambi, taratibu, kama alivyokuwa akifanya mwanangu.

"Kula."

"Wifi, siwezi."

"Utaweza. Hizi zilikuwa zako toka mwanzo."

Nikamtazama.

"Mwanao alinambia. Nilimgombeza, nikamwuliza kwa nini unamhangaisha mamako na makopo na wewe huli? Akasema, shangazi, mie nikiacha kuagiza, mama hali. Anashinda na chai. Nikimwambia ale anasema keshakula. Lakini chakula hawezi kukiona kinatupwa. Kwa hiyo naagiza, nameza kidogo, namwachia." Wifi akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Akanambia nisikwambie. Sasa nimekwambia. Kula."

Ni kweli. Siku zile zote sikuwa nimekaa na sahani yangu mwenyewe hata mara moja. Sikujua kama yupo aliyekuwa akitazama. Mie namtazama yeye anamezaje, naye kumbe kalala pale ananitazama mie.

Nikala kwa mkono, mbele ya watu wote, machozi yanadondokea humo humo. Nikala tambi, nikala kuku, nikainua kopo nikanywa mchuzi mpaka likabaki tupu. Hata yule mwanamke mkali alininyooshea maji ya kunawa.

Kopo nimeliosha. Lipo kabatini, pembeni ya sahani ya maua, limefunikwa. Matanga yalikwisha, hitma ikasomwa, mvua za masika zikaja zikaondoka. Nimeanza kupika tena; mkate wa kumimina nimeupika, ndizi zimeiva uani, kuku wangu wanataga. Mara ngapi nimelishusha kopo, nikakiweka kitu ndani, nikakitazama, nikakitoa. Kila ninachokitia naona hakitoshi.

Yule bwana wa bodaboda akipita kwenda Wesha hupunguza mwendo mbele ya ukuta wetu, akapiga honi kidogo. Yeye hataki kitu, ananiamkia tu, lakini mie hutoka mpaka kizingitini.

"Shikamoo, bi mkubwa. Kuna kopo?"

"Marahaba, mwanangu. Lipo," namwambia. "Mwambie mama wa watu asione nimemsahau. Sijapata cha kutia."