Gitaa la Kaka

Jirani anachoma kiti kilichovunjika, na harufu ya vanishi imenifikia jikoni.

Kaka yangu alitunga nyimbo za kwaya kwa sauti nne. Sabato ikiisha, jua likishazama, alienda mji wa Keumbu kupiga roki kwa gitaa la umeme. Baba yetu, mzee wa kanisa, alimwambia, "Choma hilo gitaa, ndipo utaongoza wimbo wako kwenye mkutano wa makambi."

"Kweli, baba?"

"Mimi si mtoto mwenzako."

Kaka akalichoma nyuma ya nyumba huku machozi yakimtoka. Vanishi ilitoa povu, nyuzi zikakatika moja moja. Nilikuwa mdogo; kila uzi uliporuka, nilicheka.

Siku ya makambi alivaa suti ya kuazima. Baba akamzuia mlangoni pa hema.

"Wimbo tutauimba. Wewe kaa nje."

"Lakini nililichoma."

"Ulilichoma ukilia. Aliyetubu halilii gitaa."

Nilikaa naye kwenye nyasi, karibu na kamba za hema. Ndani wakaanza wimbo wake. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Besi wamechelewa kuingia," aliniambia.

Hakutunga wimbo mwingine mpaka akafa, tukamzika.