Orodha ya Mimea Isiyokatwa

Siku ya kwanza kazini nilifika kwenye geti la kambi saa moja asubuhi, nikashindwa kumwambia mlinzi nimefuata nini.

"Binti, umepotea au umetumwa?"

Nikamwonyesha daftari tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kamati ya ushirikiano ya kijiji na jeshi ilitaka mtu wa kuandika mihtasari kwa miezi minne.

Nawaandikia wadogo zangu mnaosubiri matokeo, mjue kazi ile ilivyokuwa. Kati ya uzio wa kambi na vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, kuna ukanda wa hifadhi. Ni ardhi ya watu, lakini hakuna anayejenga wala kulima. Jeshi linabaki na nafasi wazi kuzunguka uwanja wa shabaha. Sisi tunapata majani ya ng'ombe, na mfongo, mfereji wetu wa maji, haukauki. Kila mwenye kipande lazima akubali kwa sahihi au kidole. Alibaki Bibi Ndeshi peke yake, na chanzo cha mfongo kiko kwake.

Bwana Misitu, bosi wangu, aliniagiza niandike orodha ya mimea ya kuachwa askari watakapofyeka. Niliandika mringaringa, msesewe, mruka, mpaka miche midogo. Nikajisifu moyoni. Afande Sajenti, mtu wa Mtwara, akawasomea vijana wake, wakaanza.

Mchana tukasikia yowe la Bibi Ndeshi. Masale yake yote yalikuwa chini.

"Mae! Mmemkata mzee wangu!"

Kwa mgeni masale ni majani tu; kwetu ndiyo mpaka, ndiyo tunapanda makaburini, ndiyo mtu hushika akienda kuomba msamaha. Mimi sikuyaandika. Nani huku kwetu huambiwa asikate masale?

Kapteni, aliyesimamia mradi upande wa jeshi, akamgeukia Sajenti. "Unaondoka kwenye mradi leo."

"Afande, nilifuata orodha."

"Orodha haina macho. Wewe unayo."

Sajenti aliniangalia. Nikanyoosha mkono.

"Ni mimi."

"Sema tena," Kapteni akasema.

"Mimi ndiye niliyeyasahau."

Bibi akanikagua juu mpaka chini. "Mtoto wa huku huku! Afadhali angekuwa huyo wa Mtwara."

Watu wakacheka, mimi nikalia.

"Pandeni upya," Bibi akasema. "Yakishika, naweka kidole. Yasiposhika, namuuzia anayetaka kujenga gesti."

Kapteni akamwacha Sajenti kwenye mradi, tukapanda mimi na yeye, tukifuata kamba aliyoivuta Bibi mwenyewe. Sajenti aliuliza kila hatua, "Hivi hiki kijiti kitaota kweli?"

Mkataba wangu uliisha kabla halijatoka jani hata moja. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na minane, nacheka nikiandika hivyo, lakini sikutulia. Ukifanya kazi kati ya watu wasiojuana, andika hata kile ambacho mama yako angekucheka ukikiandika. Hilo nililirudia kichwani kila asubuhi nikienda kutikisa vijiti vile, kimoja kimoja, mpaka Bibi akanifokea, "Utaving'oa! Huna kazi kwenu?"

Wiki ya sita tangu tupande nilimkuta ameinama kwenye mstari. Jani bichi, dogo kama ukucha, lilikuwa limechomoza, na mbele yake jingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kamwite afande wako aje na wino. Na wewe usiguse."