Vidonge vya Damu na Chai ya Mama

Mhudumu wa afya wa Ziwani hushusha ukope wako kwa kidole gumba kabla salamu haijaisha. Nthoki, mamake Elsie, alimtazama akimpima binti huyo mwenye mimba ya miezi saba, ambaye damu yake ilikataa kupanda.

"Vidonge vya chuma unameza na nini?"

"Chai ya mama."

"Mama Elsie, chai inakamata chuma tumboni, hakifiki kwenye seli za damu. Mpe vidonge na chungwa badala ya chai. Usione haya, hata mimi nilikosea hivyo na wangu."

Mwezi uliofuata, baada ya machungwa, mhudumu alishusha ukope uleule, akakuta wekundu. Akaita majirani wa ploti nzima: "Njooni muone kazi ya Mama Elsie!" Nthoki akatoka jikoni, kichwa juu.